Siku Niliyomchukulia Bi Mkubwa

Bi Mkubwa ndivyo nilivyomwita tangu nilipoolewa, na yeye akaniita Bi Mdogo. Yeye mke wa kwanza wa marehemu, mimi wa pili. Leo sote tuna mvi na magoti mabovu, na huo udogo wangu sijui umebaki wapi, lakini bado tunaitana hivyo hivyo. Jina lake nalijua, na la mama yake, na la bibi yake mzaa mama. Mimi kusoma sikusoma sana, ila jina likishaingia sikioni mwangu halitoki. Lakini mwenyewe aliniambia, "Andika utakavyo, jina langu liache." Nimeliacha. Na ya wengine nimeyaacha pia, maana nikiwataja wote nikamruka yeye, watu watamjua kwa ile nafasi tupu.

Marehemu alikuwa na duka Naif, huku Uarabuni, akiuza vitambaa na vyombo kwa wafanyabiashara wanaopeleka mizigo Afrika Mashariki. Sote watatu tumetoka Unguja. Bi Mkubwa alimweka Hatta, kule milimani, kwenye kishamba chenye milimau, mindimu na mbuzi. Mimi akaniweka Rashidiya, ambako ndege zinapita juu ya paa mpaka unazizoea. Zamu yetu ilikuwa wiki kwa wiki. Ijumaa akishaswali anabadili nyumba. Ijumaa hii anakuja kwangu, Ijumaa ijayo anakwenda Hatta. Miaka thelathini na kitu zamu hiyo haikuvunjwa ila mara moja, na aliyeivunja ni mimi.

Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani siku tulipopelekwa kwenye bustani za michezo. Bi Mkubwa alikuwa amebakisha siku nane. Mwanawe kamjengea nyumba Bububu, anarudi Unguja moja kwa moja, kuja huku tena hana nia. Nami nilikuwa sijamwomba radhi. Miaka tisa nilikuwa nikijiambia sikukuu hii, harusi ile, khitma ile, na kila mara narudi nyumbani nayo. Mama yangu alinifunza kwamba radhi huombwa uso kwa uso, mkono ndani ya mkono, si kwa kutuma mtu. Na simu kwangu mimi ni kutuma mtu. Kwa hiyo nilikuwa na siku nane, basi.

Aliyepanga safari ni mjukuu wetu mkubwa wa kike, anayefanya kazi benki. Kwa damu ni wa Bi Mkubwa, lakini watoto wetu hawakulelewa kuulizana hayo. Yeye Bibi Hatta, mimi Bibi Rashidiya, wote bibi. Alichukua vyumba katika hoteli iliyo ndani ya zile bustani kubwa, kwenye njia ya kwendea Abu Dhabi. Si bustani moja, ni kadhaa, kila moja na geti lake, na katikati wamechimba mfereji mrefu wa maji, na pembeni yake maduka na migahawa. Watoto walikuwa kumi na mmoja, kelele kama soko la samaki. Sisi wawili akatuweka chumba kimoja, vitanda viwili.

"Mtaongea," akasema.

"Tumeshaongea ya kutosha," akajibu Bi Mkubwa, akageukia ukuta, akalala.

Kweli tulikuwa tunaongea. Habari ya afya, habari ya presha, habari ya mbuzi. Mtu wa pembeni angedhani ni mashoga.

Asubuhi watoto walitaka kwenda kwenye treni linalopindua watu kichwa chini. Mjukuu akatuvisha bangili za plastiki mkononi, kama wagonjwa wa hospitali, akatusimamisha kwenye gati dogo nyuma ya hoteli, zinapofunga zile mashua wanazoziita abra.

"Bibi zangu, sikilizeni. Abra na mabasi ni yenu leo, mchana kutwa, onyesheni bangili tu. Abra inawachukua hapa mpaka sokoni, pale penye maduka. Abra hairudi na watu. Kurudi mnapanda basi, linazunguka mageti yote halafu linawaleta hapa hotelini. Mkitaka mnapanda abra tena. Saa saba tuonane sokoni, mgahawa wenye miavuli myekundu. Sawa?"

"Yaani tuzunguke tu?" akauliza Bi Mkubwa.

"Mzunguke tu, bibi. Mpumzike."

"Mie nimechoka na nini, hata nipumzike?"

Lakini alikaa. Alikuwa amevaa baibui lake jeusi, na chini yake raba nyeupe mpya, zenye soli nene kama mkate, kanunuliwa na mjukuu, na soksi nyeupe. Mimi nilikuwa na makubadhi yangu ya ngozi, niliyoletewa kutoka Unguja.

Hizi abra za kule ni kama zile za Deira, ila zimepakwa rangi za sherehe na zina viti vya mito. Aliyekuwa akipakia watu ni mwanamke wa Kikenya, mtu mzima, kofia kichwani, jaketi la maboya limembana kifuani. Nikamwamkia, nikamuuliza jina lake. Akanitajia. Nikamuuliza la mama yake, akacheka, akanitajia nalo. Ana watoto wawili, kawaacha Nakuru kwa dada yake.

"Sasa jina lake la nini?" Bi Mkubwa akaninong'oneza. "Unamposea nani?"

"Vibao vyao sivisomi," nikamwambia. "Nikipotea nitaulizia mtu, siwezi kuulizia kibao."

"Utaulizia majina mpaka siku moja watakushitaki."

Hivyo ndivyo ninavyokwenda mjini mimi, tangu nilipokuja. Kila dereva, kila mwenye duka, naliweka jina lake mahali pake. Kituo fulani ni cha fulani bin fulani. Marehemu alikuwa akisema kichwa changu ni daftari la sensa.

Basi foleni ikasogea. Mbele yetu kulikuwa na Wahindi na mkokoteni wa mtoto uliokataa kukunjika, yule Mkenya anahangaika nao. Mimi nikafika ukingoni, nikaangalia ndani ya abra, nikaona zulia. Zulia la kijani, safi, limetandikwa sakafu nzima. Hapo sikuwaza kitu. Mguu wangu ukiona zulia hauulizi. Nikavua makubadhi pale gatini, nikayapanga sambamba, nikayageuza vidole nje ili nikirudi niyavae bila kujipinda, kama nifanyavyo mlangoni kwangu, na kama nilivyokuwa nikiyafanyia ya marehemu miaka yote. Nikaingia na miguu mitupu, nikakaa kwenye mto. Bi Mkubwa akaingia nyuma yangu na raba zake, akakaa upande wangu. Abra ikaondoka.

Maji yake hayana harufu. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Si ya chumvi, si ya matope, hayana hata samaki. Lakini upepo ulikuwa mzuri, ni msimu wa baridi, jua limelala begani kama mkono wa mtu. Tulipita chini ya daraja, watoto wa watu wakatupungia, Bi Mkubwa akawapungia. Nikasema moyoni, haya, sema sasa. Nikafungua mdomo.

"Mbuzi umemwachia nani?"

"Yule kibarua Mpatani. Nimeshakwambia jana."

"Kweli, uliniambia."

Tukafika sokoni. Watu wakateremka. Mimi nikanyanyuka, nikaweka mguu juu ya jiwe la gati, na baridi yake ikanipanda mpaka kwenye goti. Nikatazama chini. Nikatazama nyuma, kule tulikotoka, hata hoteli yenyewe haionekani, imezibwa na daraja.

"Viatu vyangu," nikasema.

Bi Mkubwa alikuwa amekwisha teremka. Akanitazama miguu, akacheka lile cheko lake la puani.

"Viko kule gatini. Umevipanga vizuri sana, vidole nje."

"Uliniona?"

"Si nilikuwa nyuma yako?"

"Uliniona navua viatu kuingia chomboni, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Nilitaka nione utafika wapi."

"Bi Mkubwa! Kwa nini hukuniambia?"

Nilisema kwa hasira ya mzaha, kama tunavyosema. Lakini nililiona cheko likimtoka usoni, taratibu, kama mtu anayefunga dirisha.

"Na wewe," akasema, "kwa nini hukuniambia?"

Sikumuuliza lipi. Nilisimama pale pekupeku, watu wanatuzunguka na mabarafu yao mikononi. Miaka tisa nilikuwa nikijiuliza kama anajua, na kumbe swali alikuwa nalo tayari, limekunjwa, anangoja mahali pa kuliweka.

Basi likaja. Hakungoja jibu langu. Alikaa kwenye benchi la kituo, akafungua kamba za raba moja, kisha ya pili, anahema kwa kuinama, akazisukuma mbele yangu.

"Vaa."

"Na wewe?"

"Mie nina soksi. Mume tuligawana, tushindwe na viatu?"

Nikavaa. Miguu yake mikubwa, nilikuwa nikitembea kama niko ndani ya mitumbwi miwili. Tukapanda basi, yeye na soksi zake, mimi na raba zake. Dereva mtu wa Peshawar, ndevu za hina, akatuita khala, kwao ndiyo mama mdogo, akangoja mpaka tukae. Jina lake pia nililiuliza, kwa mazoea tu, na safari hii Bi Mkubwa hakunitania.

Humo ndani ya basi ndimo nilimosema. Hapakuwa na mtu wa kutuelewa. Mbele Wachina, nyuma familia ya Kirusi imelala. Nilikaa dirishani, nikamwambia huku natazama mageti yanavyopita, maana kumtazama sikuweza.

Nilimwambia siku ile haikuwa yangu. Ilikuwa Ijumaa ya kwenda Hatta. Mimi asubuhi yake nikampikia marehemu boko boko, na nikauchelewesha moto makusudi, ili ngano isiive mpaka alasiri. Aliporudi msikitini nikamwambia, ngoja ule kwanza, nimekupikia toka alfajiri. Akangoja. Ilipoiva jua limeinama, akala, akasinzia, nikamwambia njia ya milimani usiku si nzuri, lala. Yeye na simu walikuwa hawapatani, aliniachia mimi nipige. Ndiyo nikampigia Bi Mkubwa, nikamwambia gari imekorofisha, atakuja kesho.

"Nakumbuka," akasema Bi Mkubwa. "Nikakuuliza gari ina nini, ukasema betri."

"Betri nilisema."

"Endelea."

Kesho yake alfajiri, marehemu akafa. Ghafla, kitini. Sijui hata niseme nini juu yake, kikombe cha chai nilikuwa nacho mkononi. Wakaja majirani, wakaja watoto, akapelekwa hospitali kwa zile karatasi zao. Mwanangu akaniuliza, "Mama, umempigia Mama Mkubwa?" Nikasema nimempigia. Sikumpigia. Kila nikishika simu naisikia sauti yake ikiniuliza, kafia kwako kwa nini, jana siku ya nani? Nikaiweka chini simu. Nikaishika tena, nikaiweka. Mpaka adhuhuri ikapita, ndugu wanamwosha, ndipo nikapiga. Na kutoka Hatta mpaka Rashidiya ni mbali. Alipofika, jeneza lilikuwa limeshatoka. Wanawake wenzake wote walimtazama uso marehemu, hata jirani aliyekuja kukopa sufuria alimtazama, ila mkewe aliyeanza naye maisha.

Nilimaliza kusema hivyo, basi likasimama kwenye geti, likajaa watu, likaondoka. Bi Mkubwa alikuwa ameshika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Mimi siku zangu nilikuwa nazijua kuliko za hedhi. Jumamosi ile ilikuwa yangu. Nilipopigiwa simu kuwa kafia Rashidiya, nilijua hapo hapo. Nilikuwa nangoja useme."

"Miaka tisa?"

"Nilikuwa na haraka ya nini?"

"Bi Mkubwa, unipe radhi."

Akatazama soksi zake, zimeshachafuka chini, akakunja vidole ndani.

Basi likafika hotelini. Nilidhani ataingia chumbani, alale, tusionane tena mpaka uwanja wa ndege. Lakini akasema, "Twende tukachukue viatu vyako," akatangulia na soksi zake juu ya zile sakafu zinazong'aa, wafanyakazi wa hoteli wanamtazama. Nikamfuata.

Kule gatini tukakuta zogo. Askari wawili wa ulinzi wameinama ukingoni, wanachungulia majini, mmoja anazungumza na redio yake. Abra imesimamishwa, foleni ya watu inanung'unika. Nikataja kwa sauti jina la yule Mkenya, lile alilonipa asubuhi, na akatokea nyuma ya kibanda, macho yamemtoka. Makubadhi yangu anayo mkononi.

"Shosho! Hizi viatu ni zako?"

"Zangu, mwanangu."

"Aki shosho, umetuua! Mimi nimekuta viatu zimepangwa hapa kwa maji, mwenyewe hayuko. Nikasema kuna mtu amejitupa. Supavaiza ameita askari. Wameangalia maji yote."

"Maji yenyewe si yanafika kiunoni?" akauliza Bi Mkubwa.

"Hata mimi niliwaambia! Lakini vile viatu zilikuwa zimepangwa vizuri, nikaogopa. Mtu wa kusahau hapangi hivyo. Mbona ulivua, shosho?"

"Niliona zulia."

Akanitazama, akatazama zulia, akashika kofia yake kwa mkono uliobaki, akacheka mpaka akaegemea kibanda. Askari mmoja, Mganda, alipotafsiriwa, naye akacheka. Mwenzake alikuwa bado anachungulia maji, nadhani hakutaka kuamini. Bi Mkubwa akaitikia kwa cheko la puani, kisha akayapokea makubadhi kutoka kwa yule Mkenya, yeye mwenyewe, kabla sijanyoosha mkono.

Hakunipa. Akakaa kwenye benchi lililo kivulini, ameyaweka mapajani, anayageuza geuza.

"Ya marehemu ulikuwa ukiyapanga hivi hivi," akasema.

"Hivyo hivyo. Vidole nje."

"Mimi nilikuwa nayaingiza ndani. Nikiyatia chini ya kitanda, ili akitaka kutoka ayatafute." Akayapangusa vumbi kwa ncha ya baibui. "Siku ile nilipofika kwako, watu wamejaa, nikayakuta mlangoni. Vidole nje. Jeneza limeondoka, viatu viko pale vinataka kwenda. Nikasema, huyu alikuwa anaondoka. Kwa hilo tu nilishika moyo wangu, Bi Mdogo. Kwa viatu. Lakini sikumbuki kama mtu aliniambia, au ni mimi nilijipa mwenyewe." Akanitazama, mara ya kwanza siku hiyo macho yake kwenye yangu. "Alikuwa anaondoka?"

Sasa hapa ndipo palipokuwa pagumu, kuliko boko boko na kuliko betri. Maana kulikuwa na jambo moja ambalo sikulisema kwenye basi. Sikulisema kwa mtu yeyote, hata kwa wanangu waliponiuliza baba yao alisema nini mwisho. Niliwaambia alisema Alhamdulillahi. Lile lenyewe nililificha, kwa kuwa lilikuwa maneno yake ya mwisho duniani na hayakunihusu.

Nikakaa karibu yake.

"Alirudi kutoka kuswali alfajiri, akakaa kitini. Akaniuliza, 'Makubadhi yangu umeyageuza?' Nikasema nimeyageuza. Akasema, 'Vizuri. Nikinywa chai tu naondoka. Bi Mkubwa keshanichumia ndimu, zitanyauka.' Nikaenda kumchukulia chai. Nikarudi."

Abra ilipakia watu, ikaondoka. Ikabaki ile mistari ya maji inayopigana na ukuta.

"Nilizichuma," akasema baadaye. "Kikapu kizima. Ijumaa asubuhi. Nilikuja nazo siku ile, unajua? Sijui niliwaza nini. Maiti anakula ndimu? Nikaziacha kwenye gari la jirani aliyenileta."

Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, kama mtu anayetokwa jasho. Nikampa ncha ya mtandio wangu, akaikataa, akatumia ya kwake. Kisha akainama, akaweka makubadhi chini mbele ya miguu yangu, moja moja. Vidole nje.

"Vaa vyako, nipe vyangu."

Nikampa raba zake. Nikamfunga kamba mimi, maana kuinama mara mbili kulishamtosha.

"Siku yangu naitaka," akasema juu ya kichwa changu.

"Ipi?"

"Ile uliyonichukulia. Naitaka leo. Usinitajie watoto, usinitajie chakula, usiniulize habari za mbuzi. Panda abra."

Tukapanda abra. Yule Mkenya aliponiona nasita mbele ya zulia, akanielekeza miguu kwa kidole kama mwalimu. "Na viatu, shosho. Na viatu." Nikaingia na viatu, mwili unanisisimka kama nimeingia navyo msikitini.

Sijui tulizunguka mara ngapi. Abra mpaka sokoni, basi mpaka hoteli, abra tena. Na njia nzima Bi Mkubwa alitaka nimhadithie ile siku, tangu asubuhi ya Ijumaa, hatua kwa hatua. Alivaa kanzu gani. Alikohoa? Alikula sahani ngapi? Alisinzia kwenye kochi lipi, lile la bluu au la mlangoni? Nilimwambia yote. Nilipofika kwenye uso wa marehemu nilimwambia uso ulivyokuwa, mweupe, umetulia, shavu la kushoto lina alama ya mto. Alitaka kujua alama hiyo ilikuwa ndefu kiasi gani. Nikamwonyesha kwenye shavu langu kwa kidole.

Saa saba ilipita, simu yake ikalia. Ni mjukuu, nasikia sauti yake mpaka huku.

"Bibi, mko wapi? Tuko kwenye miavuli myekundu, tumewangoja!"

"Tuko kwenye abra."

"Mteremke basi, mle!"

"Kuleni nyinyi. Mie niko zamuni." Akakata. Mjukuu alidhani bibi yake kachanganyikiwa, tukaja kumkuta kituo cha basi anatutafuta, kashika wali kwenye boksi, watoto nyuma yake. Bi Mkubwa akapokea boksi kupitia mlango wa basi, akamwambia dereva, "Yalla," na yule mzee wa Peshawar, Mungu amweke, akafunga mlango. Tukala wali kwa kijiko kimoja cha plastiki.

Jua lilipoanza kukaribia alasiri, tukiwa chini ya daraja, kwenye kivuli, Bi Mkubwa akatoa mkono wake wa kulia, akauweka wazi juu ya paja langu.

"Haya."

Nikautia wangu ndani yake.

"Nimekuwia radhi, duniani na akhera. Na wewe uniwie radhi hilo la viatu."

"La viatu sijui," nikasema. "Hilo nitalifikiria."

Akanipiga kofi la begani, abra ikayumba, wale Wahindi wa asubuhi, tuliokuwa nao tena, wakashika mkokoteni wao.

Siku ya nane nilimsindikiza uwanja wa ndege, kutoka kwangu si mbali. Alikuwa na zile raba. Kwenye mlango ambao wasindikizaji hawapiti, akanikumbatia, akaniambia lile la jina lake, kwamba nikiandika nisilitie. Akaenda bila kugeuka, soli zake zinalia juu ya sakafu.

Sasa tunapigiana simu. Yeye ndiye aliyeweka utaratibu: Ijumaa baada ya sala, wiki hii apige yeye, ijayo nipige mimi. Ananieleza mvua ya Bububu inavyopiga bati, mimi namweleza ndege na wajukuu. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yake. Nikaswali, nikala, nikakaa. Saa nane ikafika, simu kimya. Saa tisa. Nikaingiwa na hofu, nikapiga.

"Bi Mdogo?" akapokea. "Leo si zamu yangu?"

"Yako. Niliona umechelewa, nikadhani…"

"Nilikuwa uani nachuma ndimu. Kata."

"Si tumeshapatana? Tuongee tu."

"Kata, nakwambia. Nipige mimi."

Nikakata. Nikaiweka simu mapajani, nikangoja ilie.